Kazi za Msimu za Kupima Miti na Kurudisha Misitu



Siku hizi watu wa misitu hufika vijijini mwetu mara kwa mara. Wengine wanatoka vyuoni, wengine serikalini, wengine kwenye miradi. Wakifika hutafuta wenyeji wa kufanya nao kazi kwa wiki chache au miezi michache. Hizo ndizo kazi za msimu. Mwenyeji mmoja hupewa mzigo abebe. Mwingine hupewa kalamu na daftari, akawa karani wa kikundi. Mara nyingi kinachowatenganisha hao wawili ni kusoma na kuandika. Nguvu za mwili wanazo wote.

Wewe umekwisha kuhitimu kisomo. Basi somo hili ni lako.

LENGO LA SOMO

Ukimaliza somo hili utaweza:
– kueleza kazi za msimu za miti na misitu;
– kupima mti na kujaza fomu;
– kupanga kazi hizo pamoja na kilimo chako;
– kusoma makubaliano ya kazi kabla ya kutia sahihi.

1. KAZI HIZI ZILIANZA LINI?

Kazi hizi si ngeni kwetu. Mwishoni mwa 1955 walifika wataalamu wawili wa mimea kutoka bustani ya Kew, Uingereza. Majina yao ni Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor. Walikaa hadi katikati ya 1956 wakikusanya mimea katika Wilaya ya Songea. Wakati huo nchi yetu ya Umatengo ilikuwa ndani ya wilaya hiyo. Walipanda vilima vyetu, wakachuma mimea yenye maua na matunda, wakaikausha na kuiandika.

Kwa nini walikuja wakati wa mvua? Kwa sababu mmea hutambulikana vizuri kwa ua lake na tunda lake. Majani peke yake hudanganya. Kazi ya mimea hufuata msimu kama kilimo kinavyofuata.

Mimea yao ilisaidia kuandika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki. Kitabu hicho kilianza kutolewa sehemu kwa sehemu mwaka 1952, kikakamilika 2012. Ni miaka 60. Ndani yake Milima ya Matengo imetajwa mara nyingi.

Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilishirikiana na Wajapani kuchunguza kilimo chetu cha ngoro na misitu ya miyombo. Halafu kati ya 1999 na 2004 walifanya mradi pamoja na vijiji vya Kitanda na Kindimba. Kule Kindimba wananchi walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji. Mashine ya namna hiyo haisagi kama mto umekauka. Kwa hiyo anayetaka unga lazima autunze msitu.

Tena, kati ya 2009 na 2014 Serikali ilihesabu misitu ya Tanzania Bara. Ilisaidiwa na Ufini na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Vikundi vya wapimaji viliingia porini na wenyeji wa vijiji wakawaongoza. Matokeo yalitolewa 2015: tuna hekta milioni 48.1 za misitu, yaani zaidi ya nusu ya ardhi ya Tanzania Bara. Lakini hesabu hiyohiyo ilionyesha kwamba kila mwaka tunapoteza misitu mingi sana.

2. MWENYEJI ANA ELIMU GANI?

Mtaalamu anajua jina la mti kwa lugha ya kitaalamu. Wewe unajua mti unakoota, unachipua lini, nani anaula, na kuni zake zinawakaje. Elimu hizi mbili zinahitajiana.

Akina mama wanajua uyoga, mboga za porini na kuni kuliko wengi wetu. Wazee wanajua bonde lilivyokuwa kabla halijafyekwa. Wachungaji na warina asali wanajua maua ya kila mwezi. Kwa hiyo kijiji kinapochagua watu wa kazi, kisichague vijana wa kiume peke yao.

Jambo moja la kukumbuka: mti mmoja unaweza kuwa na majina mawili. Mmatengo anauita hivi, Mngoni anauita vile, na kule ziwani Mbamba Bay au Liuli wana jina lao. Pia miti miwili tofauti inaweza kuitwa jina moja. Basi ukiulizwa jina, sema jina unalolijua, useme na lugha yake. Usibuni jina ili kumfurahisha mgeni. Kama hujui, sema "huu siujui". Jina la uongo likiingia kwenye daftari, litakaa humo miaka mingi.

3. KALENDA YA KAZI

Kazi ya msimu ni nzuri, lakini njaa haingoji. Kabla ya kukubali kazi, iweke pamoja na kalenda ya shamba lako.

Juni hadi Septemba. Ni kiangazi, tena ni wakati wa kuchuma kahawa. Kazi za misitu ni kukusanya mbegu, kujaza viriba kwenye kitalu, na kusafisha njia za kuzuia moto.

Oktoba na Novemba. Miyombo hutoa majani mapya mekundu hata kabla ya mvua. Masuku huanza kuiva. Moto ni wa hatari sana. Kazi ni kulinda msitu na kuchimba mashimo ya miche.

Desemba na Januari. Mvua imekolea. Kazi ni kupanda miche. Lakini hapo ndipo na mahindi yanapotaka mtu.

Februari hadi Aprili. Kazi ni kukusanya mimea yenye maua na kupima miti. Wakati huohuo kuna kufyeka nyasi, kuchimba ngoro na kupanda maharage.

Mei. Kazi ni kuhesabu miche iliyoshika. Hesabu hurudiwa kiangazi kinapokwisha.

Umeona? Karibu kila kazi ya msitu inagongana na kazi ya shamba. Na mara nyingi ngoro huchimbwa na mama. Baba akienda porini kupima miti, na mama naye akaitwa kwenye kitalu, maharage yatapandwa na nani? Mkae nyumbani mkubaliane kwanza. Mnaweza kupokezana: wiki hii mmoja, wiki ijayo mwingine. Lakini mwajiri aambiwe mapema.

4. JINSI YA KUPIMA MTI

Kikundi huweka kigingi katikati ya mahali palipochaguliwa. Hufunga kamba hapo na kuzunguka nayo. Katika hesabu ya misitu ya 2009 hadi 2014, kamba ndefu ilikuwa ya mita 15. Miti minene iliyo ndani ya duara hilo hupimwa wote. Mti ulio nje ya kamba haupimwi, hata kama ni mzuri namna gani.

Fuata hatua hizi:

Hatua ya kwanza. Pima kutoka chini mita 1 na sentimita 30. Ni kama kifuani kwa mtu mzima. Kama mti uko mlimani, simama upande wa juu wa mteremko.

Hatua ya pili. Zungusha futi kamba kwenye shina. Isilegee, isipinde, isipite juu ya tawi. Kipimo hiki kinaitwa mzingo.

Hatua ya tatu. Taja namba kwa sauti. Karani airudie kwa sauti, halafu aandike. Hivyo makosa hupungua.

Hatua ya nne. Ukitakiwa kujua unene wa mti kutoka upande huu hadi huu, yaani kipenyo, gawa mzingo kwa 3.14. Kwa mfano, mzingo ni sentimita 94. Gawa 94 kwa 3.14. Jibu ni karibu sentimita 30.

Fomu ya karani hufanana na hii:

Namba 1. Mninga. Mzingo sm 94. Hali: hai.
Namba 2. Mkusu. Mzingo sm 63. Hali: hai.
Namba 3. Myombo. Mzingo sm 126. Hali: hai, tawi limevunjika.

Andika kwa penseli. Wino huyeyuka mvua ikinyesha, penseli haiyeyuki. Ukikosea usifute mpaka karatasi itoboke. Kata kwa mstari mmoja, andika namba sahihi pembeni.

5. JINSI YA KUKUSANYA MIMEA

Kata kitawi chenye majani, na kama yapo, maua na matunda. Kilaze ndani ya karatasi za magazeti ya zamani, halafu ukikandamize katikati ya mbao mbili zilizofungwa kwa kamba. Badilisha karatasi zikilowa. Naam, gazeti ulilokwisha kulisoma lina kazi nyingine huko porini!

Kila kitawi kiwe na kikaratasi chake. Andika: namba, tarehe, mahali, jina la kienyeji na lugha yake, urefu wa mmea, rangi ya ua, na jina la aliyechuma. Kwa nini rangi ya ua? Kwa sababu ua likikauka hubadilika rangi. Mtu wa Dar es Salaam au wa Arusha atakayelifungua baada ya miaka 20 ataona ua la kahawia tu. Maneno yako ndiyo yatamwambia kwamba lilikuwa jekundu. Mmea usio na maandishi hauna faida. Ni majani makavu tu.

6. JINSI YA KURUDISHA MSITU

Watu wengi wakisikia kurudisha msitu hufikiri kupanda miche tu. Ziko njia mbili.

Njia ya kwanza ni kulinda visiki vilivyo hai. Miyombo ikikatwa huchipua tena kwenye kisiki na kwenye mizizi. Chagua machipukizi machache yenye nguvu, punguza mengine, weka alama, zuia moto na mifugo. Njia hii haitaki kitalu wala viriba. Huko Shinyanga, Serikali ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi mwaka 1986. Wasukuma walirudia desturi yao ya ngitili, yaani kutenga malisho na kuyaacha yapumzike. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo iliota yenyewe.

Njia ya pili ni kupanda miche. Hapa kuna mambo matatu ambayo mfanyakazi wa kitalu lazima ayajue.

(a) Mbegu za mkusu hazitaki kukauka. Kula suku, osha mbegu, panda mapema. Ukiziweka kwenye kopo mpaka mwakani zitakuwa zimekufa.

(b) Changanya kwenye viriba udongo kidogo kutoka chini ya miyombo au mikusu mikubwa. Miti hii huishi pamoja na uyoga. Nyuzi za uyoga hushikamana na mizizi na kuisaidia kupata chakula ardhini. Ndiyo maana mvua ikinyesha tunaokota uyoga chini ya miti hiyo. Mche usiopata udongo huo hudumaa.

(c) Mche mdogo wa mninga hukauka juu kila kiangazi, kwa miaka kadhaa. Mzizi uko hai, unanenepa chini kwa chini. Mvua ikirudi, unachipua. Kwa hiyo karani asiandike "umekufa". Aandike "umekauka juu", halafu arudi kuutazama mvua ikinyesha.

Sasa tuseme jambo gumu. Mlipanda miche 100. Baada ya mwaka mnahesabu, mnakuta 61. Msimamizi anapenda kusikia 90. Uandike ngapi? Andika 61. Ukiandika 90, mwaka ujao miche ileile itapandwa vibaya vilevile mahali palepale, na bonde litabaki wazi. Hesabu ya kweli ndiyo inayotuonyesha pa kurekebisha. Karani mwaminifu huitwa tena msimu ujao.

7. CHANZO CHA MAJI

Kazi nyingi za kurudisha misitu hufanywa kwenye vyanzo vya maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, mto au ziwa, na pia shughuli zinazoweza kuharibu mahali hapo. Mita 60 ni sawa na kamba ya mita 15 ukiinyoosha mara nne. Hapo huachwa miti ya asili, kama mikuyu na mizambarau ya porini. Mikaratusi isipandwe hapo, maana hunywa maji mengi.

Mwenye shamba hapo ataumia, na hilo si jambo dogo. Kijiji kiitishe mkutano kabla ya vibarua kufika na miche. Kibarua asitumwe kung'oa mihogo ya jirani yake kabla ya mazungumzo kwisha. Mradi utaondoka, yeye na jirani yake watabaki.

Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake cha chenyewe na kuusimamia kwa kamati yake. Kijiji chenye msitu wake kinaweza kuwa mwajiri, si mtoa vibarua tu.

8. MAKUBALIANO YA KAZI

Soma mazungumzo haya kwa sauti, watu wawili.

Mtafiti: Mama, shikamoo.

Mama: Marahaba, baba. Karibu.

Mtafiti: Ahsante. Tunatafuta watu sita wa kupima miti, wiki tatu. Tumekwisha kuonana na Mtendaji wa Kijiji. Je, utaweza?

Mama: Naweza, baba. Naomba kwanza niyasome makubaliano.

Mtafiti: Ni mambo ya kawaida tu, mama. Weka dole gumba hapa, kazi inatungoja.

Mama: Dole gumba nililiacha darasani, baba. Siku hizi natia sahihi. Haya, hapa naona siku za kazi ni 18. Lakini malipo ya siku moja hayakuandikwa.

Mtafiti: Aa, kweli. Tuseme shilingi 8,000.

Mama: Tusiseme tu, tuandike. Na tutalipwa lini? Mvua ikituzuia siku nzima je? Nikiteguka mguu mlimani, nani atanipeleka hospitali?

Mtafiti: Mama, umeuliza vizuri. Ngoja tuyaandike yote.

Mama huyu hakugombana na mtu. Aliuliza yanayostahili kuulizwa. Nawe uliza haya:

– Ni kazi gani, na ni siku ngapi?
– Malipo ni kiasi gani, na yatalipwa lini?
– Siku ya mvua italipwaje?
– Chakula, viatu na vifaa ni juu ya nani?
– Nikiumia, nani atanitibu?
– Nakala yangu ya makubaliano iko wapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na kama hayaelewi, aelezwe mpaka aelewe. Kifungu hicho hakimhusu mtu anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi, lakini hata huyo aombe maandishi. Saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa wiki. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa.

Jihadhari na matapeli. Mtafiti wa kweli hupita wilayani, kwenye kata na kwa Mtendaji wa Kijiji, akiwa na barua. Mtafiti kutoka nje ya nchi anatakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mtu akikudai pesa ili akuandike kazini, usimpe. Mpeleke kwa Mtendaji.

9. DAFTARI LAKO MWENYEWE

Mwajiri ana daftari lake. Na wewe uwe na lako. Kila jioni andika tarehe, kazi uliyofanya, saa ulizofanya, na pesa uliyopokea. Tazama mfano huu:

Siku nilizofanya: 18
Malipo ya siku: sh. 8,000
Jumla: 18 × 8,000 = sh. 144,000
Nilizochukua kabla: sh. 30,000
Zilizobaki: 144,000 – 30,000 = sh. 114,000

Siku ya malipo, fungua daftari lako mbele ya mlipaji. Namba zikilingana, pokea na utie sahihi. Zisipolingana, tafuteni kosa pamoja kwa upole, siku baada ya siku. Maandishi hayapandishi hasira.

MANENO MAPYA

Mzingo: kipimo cha kuzunguka shina la mti.
Kipenyo: unene wa shina kutoka upande mmoja hadi wa pili.
Kitalu: mahali pa kuoteshea miche.
Kiriba: mfuko mdogo wa nailoni wa kuoteshea mche.
Karani: mtu anayeandika hesabu za kikundi.
Ngitili: malisho yaliyotengwa ili yapumzike.

MASWALI

1. Kwa nini wakusanyaji wa mimea hupenda kuja wakati wa mvua?
2. Mti una mzingo wa sentimita 157. Kipenyo chake ni kiasi gani?
3. Mche wa mninga umekauka juu mwezi wa Septemba. Utaandika nini?
4. Umefanya kazi siku 12 kwa sh. 8,000 kwa siku. Ulichukua sh. 25,000 kabla. Unadai kiasi gani?

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Chagueni chanzo kimoja cha maji cha kijiji chenu. Nendeni na kamba ya mita 15. Pimeni mita 60 kila upande. Andikeni miti mliyoikuta, visiki vilivyo hai, na mashamba yaliyo ndani ya kipimo. Halafu jadilini: kama mradi ungekuja kesho, mngependa ufanye nini hapo, na ni kazi zipi mnaweza kuanza wenyewe bila kungoja mradi? Someni majibu yenu kwenye mkutano wa kijiji.